Mdomo wa mto: namna sheria ya samaki ilizaliwa kwenye Ziwa Edouard, na namna ilivyopoteza nguvu

Kwenye pwani ya Ziwa Edouard, neno "sheria" linasikika kila siku. Mlinzi wa parke analitamka, askari wa majini analitamka, ajenti anayeuza ruhusa ya kuvua analitamka, na hata kijana mwenye bunduki anayesimamisha mtumbwi usiku analitamka. Kila mmoja anamwambia mvuvi kwamba amevunja sheria, na kila mmoja anataka kitu mkononi. Familia nyingi zilizokimbia vita na kufika kando ya ziwa zinauliza swali moja: kuvua samaki kwa kulisha watoto ni kosa tangu lini, na nani ana haki ya kutoa adhabu? Ili kupata jibu, inatubidi turudi nyuma karibu miaka mia moja.

Samaki wanazaliwa wapi

Tuanze na maji yenyewe, kwa sababu bila kuyajua sheria haieleweki.

Ziwa Edouard lina ukubwa wa zaidi ya kilometa za mraba 2,200. Zaidi ya thuluthi mbili ziko Congo, sehemu iliyobaki iko Uganda. Mto Rutshuru na mto Rwindi unaingia upande wa kusini. Mto Ishasha unaingia kusini-mashariki, pale penye mpaka. Mito mingine inashuka kutoka milima ya Rwenzori. Maji yote hayo yanatoka kwa mto mmoja tu, Semliki, pale Ishango.

Pale mto unapokutana na ziwa, maji si marefu. Kuna matope, majani na matete, na chakula kingi kinaletwa na mkondo. Samaki wanapapenda. Tilapia dume anachimba kiota kwenye mchanga, jike anataga, halafu anaokota mayai na kuyatunza ndani ya kinywa chake mpaka vitoto vitoke na kuweza kuogelea. Kumvua mama mmoja wakati huo ni kuvua pia watoto wake wote. Kambare naye anangoja mvua. Maji yakipanda na kufunika majani ya pembeni, ndipo anakwenda kutaga humo.

Kwa hiyo mtu akifunga wavu kuvuka mdomo wa mto wakati wa mvua, anapata samaki wengi usiku mmoja kuliko mwenzake aliye katikati ya ziwa kwa siku kadhaa. Lakini wale ndio samaki ambao wangejaza ziwa mwaka unaofuata. Kila mvuvi mzee wa Vitshumbi au Kyavinyonge anajua jambo hilo. Hakulijifunza kwa mzungu.

Kabla ya parke

Uvuvi wa hapa ni wa zamani sana. Mwaka 1950 mtaalamu Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba udongo pale Ishango, mahali Semliki inapotoka ziwani, akakuta vyusa vya mfupa na mabaki ya samaki. Watu walioacha vitu hivyo waliishi yapata miaka 20,000 iliyopita. Mfupa mmoja wenye mistari iliyochorwa kama hesabu umetunzwa mpaka leo katika makumbusho ya Brussels.

Mabadiliko makubwa mawili yalikuja na ukoloni. La kwanza ni mpaka. Waingereza na Wabelgiji walikubaliana juu ya mpaka wao mwaka 1910, na mwaka 1915 wakauandika kwa urefu. Unafuata mto Ishasha mpaka mdomo wake, halafu unakata ziwa kwa mstari ulionyooka mpaka mdomo wa mto Lubilia. Kwenye karatasi mstari huo unaonekana vizuri. Juu ya maji hakuna anayeuona.

La pili ni ugonjwa wa malale. Kwa kuogopa ugonjwa huo, watawala wa kikoloni waliondoa watu kando ya ziwa. Vijiji vilihamishwa, mitumbwi ikaachwa. Wakati hatari ilipopungua na watu walipotaka kurudi, walikuta mahali pao pamepata mwenye mpya.

Kuvua kunakuwa kosa

Mwenye mpya alikuwa parke. Tarehe 21 mwezi wa nne 1925, mfalme Albert wa Ubelgiji alitia sahihi amri ya kuanzisha Parke ya Albert. Mwanzoni ililinda sokwe wa milima kwenye volkano za Mikeno, Karisimbi na Visoke. Mwaka 1929 ikapanuliwa mpaka nyanda zilizo kusini mwa ziwa. Mwaka 1935 ikafika Semliki na Rwenzori. Hivyo ndani ya miaka kumi tu, maji ya ziwa upande wa Congo, pamoja na midomo ya Rutshuru, Rwindi na Ishasha, yakawa ndani ya parke.

Ndani ya parke, amri ilikuwa kali: kuwinda ni marufuku, kukata mti ni marufuku, kuvua ni marufuku. Mtu ambaye babu yake alivua samaki pale akaanza kuitwa kwa neno la Kifaransa ambalo watu wa kwetu wanalitamka "barakonie", yaani mwizi wa wanyama wa serikali. Tarehe 21 mwezi wa nne 1937 ikatoka pia amri ya koloni nzima juu ya uwindaji na uvuvi. Amri hiyo inatajwa hata leo wakati wakuu wanapofuatilia watu wanaovua kwa sumu au kwa baruti.

Adhabu za wakati ule zilikuwa faini na kifungo. Na gereza la koloni lilikuwa na fimbo: chikoti iliendelea kutumika kwa wafungwa mpaka mwishoni mwa miaka ya 1950. Wazee wanaposema kwamba sheria ya samaki iliingia kwa mgongo, hawatanii.

Tuseme wazi jambo hili, kwa sababu lina uzito mpaka leo. Sheria ya samaki kwenye ziwa letu haikuanza kama mapatano kati ya wavuvi wanaotaka samaki wasiishe. Ilianza kama sheria ya ardhi iliyochukuliwa. Ndiyo maana watu wengi waliiona kama uadui, hata pale ilipokuwa inalinda kitu chenye faida kwao.

Miaka ya kooperative

Wabelgiji wenyewe waliona kwamba kukataza peke yake hakutoshi. Watu walihitaji samaki, na miji na mashamba makubwa ya Kivu yalihitaji chakula cha wafanyakazi. Mwishoni mwa miaka ya 1940 uvuvi ukaruhusiwa tena, chini ya kooperative iliyoitwa COPILE, makao yake Vitshumbi. Baadaye jina likawa COPEVI. Mpaka leo pesheri tatu ndizo zinazotambuliwa kwenye ufuko wa Congo: Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma.

Mpango ulikuwa rahisi kuelewa. Mitumbwi inahesabiwa na kuandikwa. Samaki wanapita kwenye meza ya kooperative, wanapimwa na kununuliwa, kisha wanatiwa chumvi au kukaushwa na kupelekwa sokoni. Nyavu zenye matundu madogo zinakatazwa. Midomo ya mito, mahali samaki wanapotaga, haiguswi. Upande wa Uganda Waingereza walifanya jambo linalofanana: pale Ziwa George, ambalo maji yake yanaingia Edouard kwa mfereji wa Kazinga, kampuni ya TUFMAC ilinunua samaki wa wavuvi, na idadi ya mitumbwi ilikuwa na kikomo.

Tusiisifu kooperative kupita kiasi. Ndiyo iliyopanga bei, na mvuvi hakuwa na mahali pengine pa kuuza. Wengi walilalamika kwamba jasho lao linaliwa na wakubwa wa ofisi. Lakini ilikuwa na kitu ambacho leo kinakosekana. Samaki wadogo, au samaki waliovuliwa mdomoni mwa mto, walionekana mezani, mchana, mbele ya watu. Mvuvi aliyevunja sheria alijua nani atamwadhibu na kwa nini, na alijua kwamba akishalipa, mambo yamekwisha. Kiboko hakuwa na hofu, samaki hakukosa chakula, na Vitshumbi ikapata sifa kwa samaki wake.

Nguvu inapungua

Baada ya uhuru, sheria ilibaki karibu ileile. Mwaka 1969 parke ikapewa jina la Virunga, na tarehe 22 mwezi wa nane mwaka huo ikatoka ordonansi-sheria mpya juu ya ulinzi wa mazingira. Mwaka 1979 UNESCO ikaandika Virunga kati ya mali za urithi wa dunia.

Lakini sheria inahitaji mshahara. Katika miaka ya Zaire pesa ilipoteza thamani, mishahara ikachelewa, na kooperative ikazama katika madeni na usimamizi mbaya. Wavuvi wakaanza kuuza samaki usiku kwa wachuuzi kutoka Butembo na Goma waliolipa vizuri zaidi, tena papo hapo. Meza ikabaki bila samaki. Bila meza, hakuna aliyejua tena samaki gani wametoka wapi.

Ajenti asiyelipwa naye akajifunza njia yake. Badala ya kuandika kosa, akachukua samaki. Badala ya kupeleka mtu mbele ya hakimu, akapokea kitu na kumwachilia. Mvuvi akaelewa upesi: kosa si kuvua mdomoni mwa mto, kosa ni kukutwa bila chochote cha kutoa. Kuanzia hapo adhabu ilipoteza maana yake, hata kama karatasi haikubadilika.

Kiboko na wavu wa mbu

Vita ya miaka ya 1990 ikaja juu ya udhaifu huo. Mwaka 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Kivu Kaskazini, na mwaka huohuo UNESCO ikaweka Virunga kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Kisha vikaja vita vya 1996 na 1998. Jeshi baada ya jeshi, kundi baada ya kundi, walikaa kwenye pwani ya ziwa, na wote walitaka nyama na pesa.

Hesabu ya viboko inaonyesha yaliyotokea. Katikati ya miaka ya 1970 Virunga ilikuwa na viboko karibu 29,000, kundi kubwa kuliko yote duniani. Miaka ya 2000 ilipofika katikati, hawakufika hata 1,000. Waliuawa kwa bunduki, kwa ajili ya nyama na meno. Kiboko anakula majani nchi kavu usiku na kuacha kinyesi chake majini mchana. Kinyesi hicho kinalisha vimelea vidogo vya majini, navyo vinalisha samaki. Wavuvi wenyewe wanasema: viboko walipokwisha, tilapia nao walianza kupungua.

Wakati huohuo watu waliongezeka. Wakimbizi wa ndani walitafuta mahali penye chakula, na ziwa halidai shamba wala mbegu. Pesheri tatu zilifurika. Kwenye pwani ya magharibi zikaota nyingine ambazo parke haizitambui na kuziita pesheri za "pirate". Mitumbwi haikuhesabika tena. Wavu mzuri una bei, chandarua cha mbu kiligawiwa bure, na chandarua hakichagui: kinachukua hata samaki wa ukubwa wa kidole. Wengine wakaanza kukokota nyavu chini ya maji au kupiga maji kwa fimbo ili samaki wakimbilie wavuni, palepale kwenye viota.

Nani alikuwa mwizi wa samaki wakati huo? Mama mkimbizi anayechota vitoto vya samaki kwa chandarua ili wanawe wasilale njaa? Mwenye mitumbwi kumi anayekaa mjini na kutuma vijana mdomoni mwa Rutshuru usiku? Kamanda anayempa ulinzi na kupokea samaki kila juma? Kwa maandishi, wote watatu wana kosa. Kwa vitendo, aliyefungwa mara nyingi ni yule aliyekutwa ndani ya mtumbwi.

Sheria ya leo inasema nini

Tarehe 11 mwezi wa pili 2014, Congo ilipata sheria mpya juu ya ulinzi wa mazingira, sheria namba 14/003. Ilichukua nafasi ya ile ya 1969. Inakataza kuchukua wanyama, samaki pia, ndani ya maeneo yaliyolindwa bila ruhusa, na inaweka kifungo pamoja na faini. Kwa makosa makubwa faini inahesabiwa kwa mamilioni ya franka. Ni sheria kali, na mtu anayevua katika mito iliyo ndani ya Virunga ajue kwamba inamhusu.

Kazi ya kuitekeleza iko mikononi mwa ICCN, taasisi ya serikali inayosimamia parke. Walinzi walioapa wanaweza kuandika makosa kama maofisa wa polisi ya mahakama, lakini hawahukumu. Kuhukumu ni kazi ya tribinali. Na tukumbuke kwamba kazi hiyo ina damu: walinzi zaidi ya 200 wa Virunga wameuawa wakiwa kazini katika historia ya parke. Nyavu zilizokatazwa zinachukuliwa na mara nyingi zinachomwa mbele ya watu.

Juu ya sheria hiyo kuna Katiba ya 2006, na wengi hawajui namna inavyomlinda mvuvi. Kifungu cha 17 kinasema kosa ni la mtu binafsi: hakuna anayekamatwa kwa kosa la mwingine. Mke hawezi kufungwa kwa sababu mume ametoroka na mtumbwi. Kifungu cha 18 kinasema aliyekamatwa aelezwe mara moja sababu, katika lugha anayoielewa, na asishikwe na polisi zaidi ya saa 48 bila kuachiliwa au kupelekwa mbele ya mwenye sheria. Kifungu cha 174 kinasema hakuna kodi bila sheria. Ushuru wa kila juma unaotozwa na mtu mwenye silaha, bila risiti, hauna msingi wowote, hata kama anayetoza anauita "ulinzi wa ziwa".

Mstari usioonekana

Kuna adhabu nyingine inayotoka ng'ambo. Tangu 2017 Uganda imetumia jeshi lake kupambana na uvuvi haramu kwenye maziwa yake. Wavuvi wa Congo wanaovuka mstari ule wa 1915, kwa kujua au kwa kusukumwa na upepo, wanakamatwa, na mitumbwi na mashine zao zinachukuliwa. FECOPEILE, shirikisho la komite za wavuvi binafsi wa Ziwa Edouard, limelalamika mara nyingi juu ya watu waliofungwa huko. Mwezi wa saba 2018 mambo yalifika kwenye risasi kati ya askari wa majini wa nchi hizi mbili, na watu walikufa.

Samaki hawajui mpaka. Wanaozaliwa mdomoni mwa Ishasha wanakua pande zote mbili. Mradi wa LEAF, uliosimamiwa chini ya Mpango wa Bonde la Nile, ulijaribu kuzikutanisha nchi mbili ziwe na kanuni zinazofanana. Wazo hilo ni zuri, lakini mvuvi ataliamini siku atakapoona maboya yanayomwonyesha mpaka.

Leo

Mwaka 2024 M23 ilifika Vitshumbi. Pwani hiyohiyo sasa ina watawala zaidi ya mmoja, pamoja na makundi ya Maï-Maï. Wapo waliokimbia kutoka Vitshumbi, wapo waliokimbilia pesheri za kaskazini. Kila mwenye nguvu ana kizuizi chake, ushuru wake na maana yake ya neno "haramu".

Historia hii inatufundisha nini sisi tulio kando ya maji? Ukali wa adhabu haujawahi kulinda samaki peke yake. Koloni lilikuwa na chikoti, sheria ya 2014 ina mamilioni ya franka, na samaki wameendelea kupungua. Samaki walilindwa vizuri zaidi wakati mambo matatu yalikuwapo: idadi ya mitumbwi inayojulikana, mahali pamoja ambapo samaki wanaonekana kabla ya kwenda sokoni, na mkono mmoja unaotoza na kuadhibu kwa maandishi. Vita imevunja yote matatu. Kuyarudisha ni kazi ya wakuu, lakini jambo moja halingoji amani: wavuvi wenyewe kukubaliana, kijiji kwa kijiji, kuacha midomo ya mito wakati wa mvua, na wachuuzi kukataa kununua samaki wa ukubwa wa kidole. Komite za wavuvi zipo, na zinajua mitumbwi ni ya nani.

Kwa familia zilizokimbia, tuseme hivi bila kuficha. Ndani ya parke, kuvua bila ruhusa ni kosa, na chandarua mdomoni mwa mto ni kosa kubwa zaidi, kwa sheria na kwa ziwa. Mukikamatwa, ulizeni jina la ofisa, ulizeni sababu, ombeni karatasi, na hesabuni saa 48. Mukitoa pesa, dai risiti. Na anayewatuma usiku na mtumbwi wake, huku yeye amelala mjini, mumwulize kwanza atafanya nini siku mutakapofungwa kwa ajili yake.